Kupima Mpando katika Nchi Tambarare: Mwakitolyo na Historia ya Vipimo vya Mwinuko Usukumani

Kata ya Mwakitolyo, iliyo katika Wilaya ya Shinyanga karibu na ukanda wa dhahabu unaoelekea Kahama na Geita, imo katika uwanda ambao kwa sehemu kubwa uko kati ya mita 1,100 na 1,300 juu ya usawa wa bahari, na ambao msafiri anayeuvuka kwa gari huuona kuwa tambarare, ingawa kwa kweli unapanda na kushuka taratibu sana kutoka vilima vya mawe ya itale hadi mbuga za udongo mweusi. Katika nchi ya namna hii kupima mwinuko kuna ugumu ambao watu wa milimani hawaujui. Kosa la mita 10 likitokea kwa mpanda mlima wa Kilimanjaro, ambaye hupanda zaidi ya mita 4,000 kutoka lango la Marangu au Machame, si jambo la kutajwa. Lakini likitokea kwa mwendesha baiskeli wa Shinyanga, ambaye safari yake ya nusu siku huenda isifikishe mita 50 za mpando wa kweli, kosa hilohilo ni sehemu kubwa ya jambo lenyewe linalopimwa. Kwa sababu hiyo historia ya vipimo vya mwinuko huonekana wazi zaidi katika uwanda kuliko kwenye kilele, kwa kuwa kilele husamehe chombo kibaya na uwanda hausamehe.

Programu za simu na saa za mkononi zinazorekodi safari kwa njia ya setilaiti hutoa tarakimu mbili ambazo watumiaji wengi huzichanganya. Ya kwanza ni mwinuko, yaani kimo cha mahali fulani juu ya usawa wa bahari. Ya pili ni jumla ya mpando, yaani hesabu ya mita zote ambazo mtu amepanda njiani, bila kutoa zile alizoshuka, hata kama mwishoni amerudi palepale alipoanzia. Tarakimu ya kwanza inaweza kukosea kwa kiasi kinachojulikana, lakini ya pili hulimbikiza makosa madogomadogo ya kila sekunde, nayo ndiyo ambayo wakimbiaji, waendesha baiskeli na waongoza watalii hulinganisha na kubishania. Chanzo cha ubishi huo hakikuanza na simu, kwa maana tangu mwinuko wa nchi hii ulipoanza kutafutwa, wapimaji wake wamekuwa wakitegemea mashahidi wawili wa tabia tofauti kabisa, maji na hewa, na kila mara walipoiamini hewa peke yake walilipa gharama.

Tuanze na shahidi wa maji. Wakulima wa Kisukuma walioanza kulima mpunga katika majaruba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo za udongo ili kushika maji ya mvua, walihitaji kujua tofauti za mwinuko za sentimita chache tu, kwa sababu jaruba lililoinama huacha nusu ya miche ikikauka na nusu ikizama. Kipimo chao kilikuwa maji yenyewe, ambayo yakishatulia ndani ya kingo huonyesha mara moja upande ulio juu. Zaidi ya hapo, lugha yao ya udongo ilikuwa aina ya ramani ya mwinuko: udongo wa kichanga unaoitwa luseni hupatikana juu karibu na vilima vya mawe, itogolo hupatikana kwenye mteremko wa chini, na mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, hukaa mabondeni, hivyo kwamba mtu akitaja udongo wa shamba lake amekwisha kutaja pia nafasi yake kwenye mteremko. Mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alichunguza mpangilio wa aina hii katika Afrika Mashariki na mwaka 1935 akaupa jina la katena, ambalo kwa Kilatini ni mnyororo, akimaanisha udongo unaobadilika kwa utaratibu uleule kila mteremko unaporudiwa. Dhana hiyo sasa imo katika vitabu vya sayansi ya udongo duniani kote, na si vibaya kukumbuka kwamba wakulima wa nchi hizi walikuwa wakiitumia mashambani bila kusubiri jina lake.

Shahidi wa hewa aliingia Usukumani mwaka 1858, akiwa ndani ya birika la maji ya moto. Mnamo Julai mwaka huo John Hanning Speke aliondoka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, akimwacha mwenzake Richard Burton mgonjwa, akaelekea kaskazini pamoja na msafara uliokuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India na ambaye baadaye aliongoza misafara mingi ya Waingereza. Njia yao ilipita Nindo na Salawe, majina ambayo bado ni ya kata za Wilaya ya Shinyanga, na tarehe 3 Agosti wakaliona ziwa kubwa la Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza. Njiani Speke alikuwa akichemsha maji na kusoma joto lake, kwa kuwa maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, lakini kadiri mtu anavyopanda na uzito wa hewa iliyo juu yake kupungua, huchemka kwenye joto dogo zaidi, kiasi cha nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300 hivi. Uwandani Shinyanga maji huchemka karibu na nyuzi 96.

Njia hii ni ya busara, lakini inadai kipimajoto kisichokosea hata sehemu ya kumi ya nyuzi, na vyombo bora vya msafara huo vilikuwa vimeharibika njiani, wakabaki kutegemea kipimajoto cha kawaida kilichotengenezwa kwa ajili ya maji ya kuoga. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Kwa Nyanza Speke alipata zaidi kidogo ya futi 3,700, tarakimu inayokaribia sana mita 1,134 zinazokubaliwa leo. Kwa Ziwa Tanganyika, walikokuwa wamefika miezi michache kabla, walipata takriban futi 1,850, sawa na mita 564, wakati ziwa hilo kwa kweli liko karibu na mita 770. Kosa la zaidi ya mita 200 lilitokana na kasoro ya chini ya nyuzi 1 ya Selsiasi.

Kosa hilo halikubaki katika daftari. Wakati huo jamii ya wanajiografia wa London ilikuwa ikibishana juu ya chanzo cha mto Nile, na ziwa lenye kimo kidogo kiasi hicho lisingeweza kutoa maji ya kuelekea kaskazini hadi Misri. Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton mjini Bath, na katika mwaka huohuo Burton akachapisha hoja kwamba kipimajoto kilidanganya na kwamba Tanganyika lingeweza kuwa chanzo cha Nile. Burton alikuwa sahihi kuhusu kipimajoto lakini alikosea kuhusu Nile, jambo linaloonyesha kwamba kusahihisha kipimo hakutoshi kuthibitisha nadharia iliyojengwa juu yake. Ubishi ulimalizwa na shahidi yule mwingine: Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi mwisho wa kaskazini wa ziwa, wakatazama mto Rusizi, wakaona kwamba maji yake yanaingia ziwani badala ya kutoka.

Baada ya kipimajoto ilikuja barometa ya aneroidi, iliyobuniwa na Mfaransa Lucien Vidie mwaka 1844, ambayo ni kisanduku kidogo cha chuma chembamba kilichotolewa hewa ndani yake, kinachobonyea au kuvimba kufuatana na mgandamizo wa hewa ya nje na kusukuma mshale juu ya uso wenye tarakimu. Maofisa, watafuta madini na wachora ramani wa Kijerumani waliibeba mfukoni kila mahali katika miaka iliyofuata 1885, na vimo vingi vilivyoandikwa kwenye ramani ya koloni ya kipimo cha 1:300,000, iliyohaririwa Berlin na Paul Sprigade na Max Moisel, vilitokana na misafara ya miguu iliyopimwa kwa saa, dira na aneroidi. Ni katika enzi hiyohiyo, mwaka 1894, ambapo dhahabu ya upande wa kusini wa ziwa ilitambuliwa na Wajerumani, ingawa mgodi mkubwa wa chini ya ardhi wa Geita ulifunguliwa miaka ya 1930 chini ya Waingereza na kufungwa 1966.

Udhaifu wa aneroidi katika nchi za tropiki unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kisanduku kilekile, kikiwa kimepunguzwa ukubwa hadi kufikia punje ya mchele, ndicho kilichomo ndani ya saa za michezo na baadhi ya simu za leo. Mgandamizo wa hewa hupimwa kwa hektopaskali, na katika kimo cha Mwakitolyo tofauti ya hektopaskali 1 ni sawa na mita 9 hadi 10 za mwinuko. Sasa, karibu na ikweta angahewa hupumua mara mbili kwa siku kwa utaratibu usiobadilika, kutokana na jinsi jua linavyoipasha joto: mgandamizo hufikia kilele karibu na saa nne asubuhi, hushuka hadi chini kabisa karibu na saa kumi jioni, hupanda tena hadi saa nne usiku, kisha hushuka kabla ya alfajiri. Tofauti kati ya kilele cha asubuhi na shimo la jioni inaweza kufikia hektopaskali 3 hadi 4. Huko Ulaya wimbi hili ni dogo na hufunikwa na dhoruba zinazopita, kwa hiyo watengenezaji wa vyombo hawakulizingatia sana. Usukumani ni kubwa, na huja kila siku. Mwendesha baiskeli anayeondoka Mwakitolyo saa nne asubuhi na kurudi palepale saa kumi jioni, akiwa na saa yenye barometa isiyosahihishwa, ataambiwa kwamba nyumbani kwake pamepanda kwa mita 30 hivi, na sehemu ya mita hizo itakuwa imeingizwa polepole katika jumla ya mpando wake. Wapimaji makini wa zamani walilijua hilo, wakaacha aneroidi ya pili kambini ikisomwa kila saa, ili badiliko lake litolewe kwenye usomaji wa ile iliyosafiri. Saa ya mkononi ya leo haina mwenzake wa kuachwa kambini.

Kilichoondoa ubahatishaji wa misafara kilikuwa reli. Injini ya mvuke haipandi mteremko mkali, kwa hiyo mhandisi wa reli alilazimika kujua mwinuko kwa sentimita, na kazi hiyo ilifanywa kwa darubini iliyosawazishwa kwa kichupa chenye kiputo, mfano wa pima maji ya fundi mwashi, pamoja na rula ndefu iliyoshikwa wima na msaidizi. Mpimaji husoma rula iliyosimamishwa nyuma yake kwenye alama inayojulikana kimo, hugeuza darubini na kusoma rula iliyosogezwa mbele, kisha hutoa namba moja kwenye nyingine. Halafu darubini inabebwa mbele ya rula na kazi inaanza upya, mita mia kwa mita mia, kutoka baharini hadi bara. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na tawi la kutoka Tabora kupitia Shinyanga lilifika Mwanza mwaka 1928, likileta katika uwanda huu, kwa mara ya kwanza, mnyororo wa vimo uliofungwa kwenye bahari. Upande wa Kenya reli ya Uganda ilikuwa imekwishafika Kisumu mwaka 1901, na hivyo ziwa lenyewe likawa limepimwa kwa njia ya maji kutoka pande mbili.

Ziwa, hata hivyo, halikai mahali pamoja. Vipimo vya usawa wa maji vilivyoanza kuandikwa upande wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1890 vinaonyesha kwamba kati ya 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa, Nyanza ilipanda kwa takriban mita 2.5, ikafurika tena hadi kuvunja kumbukumbu Mei 2020, kwa hiyo yeyote anayetumia ufuo wa Mwanza kama alama ya kusahihishia saa yake anatumia alama inayoelea. Uhusiano kati ya ziwa na uwanda wa kusini mwake umewasumbua wahandisi kwa muda mrefu. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walifikiria kupeleka maji ya Nyanza hadi nyika ya Wembere ili kumwagilia pamba, wazo lililojengwa juu ya ukweli kwamba nyika hiyo iko chini kuliko ziwa, lakini halikutekelezwa. Mradi uliokuja kutekelezwa karne moja baadaye ni mwingine: maji huchotwa Ihelele, wilayani Misungwi, husukumwa kwa pampu hadi matangi ya kilima cha Mabale, na kutoka hapo huteremka yenyewe kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga. Bomba la aina hiyo halijengwi kwa tarakimu za simu, kwa kuwa kosa la mita chache tu linaweza kuacha kijiji kizima bila maji bombani.

Wakati wa Waingereza kazi ya kupima nchi nzima ilichukua sura ya pembetatu. Kati ya 1931 na 1933 Martin Hotine alipima mnyororo wa pembetatu magharibi mwa Tanganyika, ukiwa sehemu ya tao la longitudo ya 30 ambalo lilikusudiwa kuunganisha Afrika Kusini na Misri, na ambalo lilikamilika mwaka 1954. Hotine huyohuyo aliongoza idara ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1946, iliyopiga picha za ndege na kutoa ramani za 1:50,000 ambazo Tanzania inazitumia hadi leo. Juu ya ramani hizo mwinuko huonyeshwa kwa kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa, kwa hatua ambayo mara nyingi ni ya futi 50. Mtu akihesabu mpando wa safari ya Mwakitolyo kwa kontua hizo, huenda akavuka mstari mmoja au asivuke hata mmoja, na jibu lake litakuwa karibu na sifuri. Jibu hilo si la kijinga, bali ni la chombo kilichoamua tangu mwanzo kwamba kitu kidogo kuliko mita 15 hakitaonekana.

Mfumo wa setilaiti wa Marekani, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, ulibadilisha upimaji wa mahali kwa ghafla hasa Mei 2000, serikali ya nchi hiyo ilipozima upotoshaji wa makusudi uliokuwa ukiwekwa kwenye mawimbi ya raia. Lakini kwa upande wa kimo setilaiti zina matatizo mawili. La kwanza ni la mpangilio: chombo hupima umbali wake kutoka kwa setilaiti kadhaa, na kwa mlalo setilaiti hizo humzunguka mtumiaji pande zote, hivyo makosa husawazishana, ilhali kwa wima zote ziko juu yake na zile za chini zimezibwa na dunia yenyewe, kwa hiyo kosa la kimo kwa kawaida huwa mara moja na nusu hadi mara tatu ya kosa la mlalo. La pili ni la maana ya sifuri. Setilaiti haijui bahari. Inachokijua ni elipsoidi, umbo laini la kihisabati linalokaribia umbo la dunia, wakati vimo vya ramani huhesabiwa kutoka geoidi, yaani uso ambao bahari tulivu ingeuchukua kama ingepita chini ya mabara yote, na ambao kwa vitendo Tanzania iliufunga kwenye vipimo vya maji ya bahari vilivyofanywa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nchini Tanzania geoidi iko chini ya elipsoidi, kwa zaidi ya mita 20 huko pwani, na hivyo chombo kisichofanya marekebisho kitamwambia mtu aliyesimama ufukweni Dar es Salaam kwamba amezama.

Mfano mashuhuri wa tofauti hizo ni Kilimanjaro, iliyopewa mita 5,895 na wapimaji wa Kiingereza mwaka 1952, ikapimwa kwa setilaiti mwaka 1999 na kupata karibu mita 5,892, na mwaka 2008 karibu 5,891. Mlima haukupungua, na bango la kileleni liliendelea kusema 5,895.

Ili kuepuka udhaifu wa wima, programu nyingi huacha kabisa kimo cha setilaiti na kuchukua mahali pa mlalo tu, kisha hutafuta kimo cha mahali hapo katika kielelezo cha mwinuko, ambacho ni jedwali kubwa la vimo lililogawanya nchi katika vipande vidogo vya mraba. Kielelezo kilichotumika zaidi kilitokana na rada ya chombo cha anga cha Endeavour, ambacho Februari 2000, katika safari ya siku 11, kilipima sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia. Kwa miaka mingi Afrika ilipewa toleo lenye vipande vya mita 90 kwa 90, na toleo la mita 30 likafunguliwa kwa umma mwaka 2014, likianza na bara hili. Ubora wake barani Afrika ni mzuri, kwa kuwa kosa lake kwa kawaida halizidi mita 6. Lakini rada huona vilele vya miti na mapaa ya nyumba, na jiwe la itale lenye upana wa mita 20 huyeyuka ndani ya kipande kimoja. Tena tarehe ya picha ni tarehe ya picha. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 kwa shimo la wazi lililochimbwa mahali ambapo rada ya 2000 iliona uwanda. Mtu atakayeteremka ndani ya shimo hilo na kupanda tena, akiwa na programu inayotumia kielelezo hicho, ataandikiwa kwamba alitembea juu ya ardhi ambayo imekwisha kusagwa na kuchenjuliwa dhahabu. Kielelezo kipya zaidi, kilichotokana na setilaiti za Kijerumani za TanDEM-X zilizokusanya vipimo kati ya 2011 na 2015, kilipimwa wakati shimo lipo. Simu mbili zinaweza kutofautiana juu ya safari moja kwa sababu hii tu.

Vyovyote kimo kitakavyopatikana, hatua ya kukijumlisha ndiyo yenye hatari kubwa. Chukua chombo kinachosoma kimo kila baada ya sekunde 10 na ambacho usomaji wake unayumba kwa mita 1 tu, juu na chini kwa zamu, kikiwa mfukoni mwa mtu aliyeketi chini ya mwembe. Katika saa moja kitakuwa na hatua 360, nusu yake za kupanda, na programu inayojumlisha kila kupanda itampa mita 180 za mpando bila kuinuka. Makosa ya kushuka hayafuti ya kupanda, kwa sababu kushuka hakuhesabiwi. Ndiyo maana programu huweka kizingiti: Strava, kwa mfano, imeeleza kwamba bila vipimo vizuri vya barometa mpando huhesabiwa pale tu unapoendelea kwa zaidi ya mita 10, na vikiwepo, kwa zaidi ya mita 2. Dawa hiyo inafaa milimani. Huku Usukumani inageuza kosa kichwa chini, kwa kuwa miinuko ya kweli ya mita 4 au 6, ambayo miguu ya mwendesha baiskeli huihisi vizuri akiwa amebeba gunia la mpunga, hufutwa yote pamoja na makosa ya chombo. Hakuna kizingiti kimoja kinachoweza kuwa cha haki kwa Usambara na kwa Shinyanga, na programu hutengenezwa na watu wanaoishi kwingine.

Kuna sehemu moja ya Mwakitolyo ambapo simu haina la kusema kabisa. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, kama lile linalojulikana kwa jina la Mwakitolyo namba 5, duara, ambalo ni shimo jembamba la wima linaloshikiliwa kwa matimba ya miti, hushuka makumi ya mita hadi kwenye mwamba wenye dhahabu, na mawimbi ya setilaiti, yanayofika ardhini yakiwa dhaifu mno, hukatika mara tu mtu anapoingia chini ya mdomo wake. Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo kisheria haizidi hekta 10, hupimwa juu ya ardhi na mipaka yake huwekwa kwa tarakimu za ramani. Na hapo pia kuna mtego, kwa kuwa ramani za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, uliotokana na lile tao la akina Hotine, na chombo kilichoachwa katika mfumo wa setilaiti huweka alama ileile mbali kwa takriban mita 300, umbali unaotosha kumpeleka mwenye leseni ndani ya eneo la jirani.

Chini ya ardhi ugomvi ni wa mtobozano, yaani pale ambapo wachimbaji wa maduara mawili wanaoufuata mkanda mmoja wa mwamba hukutana na kila upande kudai kwamba mwenzake ameingia kwake. Swali la nani yuko wapi, na kwa kina gani, hujibiwa kwa kamba, futi ya utepe na dira, na mpimaji wa madini akija, kwa chombo cha darubini kinachoteremshwa kwa hatua. Kamba peke yake ina upungufu wake: inaeleza umbali kutoka mdomo wa duara hadi chini, lakini midomo ya maduara mawili haiko katika usawa mmoja, hasa mahali ambapo kifusi cha miaka kadhaa kimerundikwa juu. Maduara mawili yenye kina cha mita 40 kila moja yanaweza kupishana kwa mita 3 chini. Ili vina vyao vilinganishwe, lazima kwanza tofauti ya midomo ijulikane, na kwa umbali mfupi wa namna hiyo kosa la simu ni kubwa kuliko tofauti inayotafutwa. Chombo kinachotosha ni mpira mwembamba unaopenya mwanga, uliojazwa maji bila kiputo cha hewa ndani yake, ambao mafundi ujenzi wa Shinyanga huutumia kusawazisha misingi ya nyumba. Ncha moja hushikwa kwenye kila mdomo, na maji yakitulia, urefu wa kutoka maji hadi ardhini hupimwa pande zote mbili kwa futi ya utepe.